Kibubu cha Watatu: mwongozo kamili wa kuandika na kurekodi komedi ya mashosti wa mjini ukiwa Mtwara

Binti akishuka kwenye basi Mtwara akitokea Newala, begi mgongoni na ndoo ya vyombo mkononi, amefika mjini. Nawaomba mlishike hilo kabla ya jambo lolote, ninyi mnaotaka kutengeneza komedi ya televisheni kuhusu wasichana, urafiki wao na ndoto zao. Skripti nyingi za vijana wa huku kwetu ninazoletewa kusoma zinaanzia Sinza au Mikocheni, mahali ambapo mwandishi amelala siku nne kwa shangazi yake. Mabinti wa humo wanagombana kwa maneno ya kwenye runinga. Kumbe nyumba ya pili kutoka kwa mwandishi, pale Chikongola, kuna wasichana watatu wamepanga chumba na sebule. Mmoja msusi, mmoja karani, mmoja muuza pweza, na kila jioni kicheko chao kinavuka ukuta.

Ninayoeleza hapa yanafaa kundi la watu watano hadi wanane wenye simu moja yenye kamera nzuri, maiki moja au mbili na nyumba moja ya kurekodia. Sisi, kundi langu hapa Mtwara, tulianza hivyo.

Hatua ya 1: Tazameni na kalamu mkononi

Kabla ya kuandika, tazameni komedi mbili tatu za aina hii, kila sehemu mara mbili. Mara ya kwanza chekeni. Mara ya pili zimeni kicheko, mwandike mambo matatu tu: nani anataka nini, nani anamdai nani, na mazungumzo yanafanyika wapi.

Mimi naanza na Living Single, iliyorushwa na Fox huko Marekani kuanzia 1993 hadi 1998. Yvette Lee Bowser, aliyeibuni, alifunga fundo moja zuri sana. Khadijah, anayeigizwa na Queen Latifah, ana jarida lake Brooklyn. Binamu yake, Synclaire, ameajiriwa kwenye jarida hilohilo, na jioni wote wawili wanarudi nyumba moja. Ukimkaripia mfanyakazi wako saa 8 mchana, usiku ndiye utakayekula naye. Kazi na nyumba zimefungwa kwa kamba moja, na ukivuta upande huu, ule mwingine unatikisika.

Ya pili ni Insecure ya HBO, 2016 hadi 2021. Issa Rae alianza kwa vipande vifupi vya mtandaoni mwaka 2011, miaka mitano kabla ya televisheni kubwa kumfungulia mlango. Msimu wa nne, wa 2020, unaweka katikati namna urafiki wa Issa na Molly unavyolegea hadi kukatika. Hapo mtajifunza kwamba mashosti wawili wanaweza kubeba msimu mzima bila mwanaume kuwa ndiye chanzo cha kila ugomvi. Na kwa walio Afrika, An African City ya Ghana ilitoka mtandaoni mwaka 2014, kazi ya Nicole Amarteifio, kuhusu wanawake watano waliorudi Accra baada ya kuishi nje. Nayo haikusubiri kituo cha televisheni.

Msichukue vichekesho vyao. Chukueni mafundo.

Hatua ya 2: Watu watatu, na bei ya kila ndoto

Watatu wanatosha. Mkiwa na watatu mna jozi tatu za urafiki, na kila jozi ina mambo yake ambayo yule wa tatu hayajui. Mkiwa na wanne, jozi zinafika sita, na kwa kundi changa hizo ni nyingi mno kuzilisha.

Sasa kila mmoja apewe ndoto, na ndoto hiyo iandikwe kwa shilingi. Hapa ndipo skripti nyingi zinapofia. Mwandishi anasema "Somoe anataka kufanikiwa". Kufanikiwa hakuchekeshi, kwa sababu mtazamaji hawezi kukuona. Lakini Somoe akitaka draya lililotumika la 150,000, ili asiendelee kuwapeleka wateja wake kukausha nywele kwa msusi jirani anayewanyang'anya, kila mtu anaelewa, na kila mtu anaweza kuhesabu pamoja naye.

Nitawapa mfano wetu, mfuate namna unavyokua.

Somoe ni mtoto wa Mikindani, msusi, anasukia chini ya mwembe na anataka saluni yenye mlango. Vero ametoka Masasi na stashahada ya uhasibu. Ni karani wa muda kwenye ghala la korosho na anataka kufanya mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ili awe mhasibu kamili. Tatu anatoka Msangamkuu, ng'ambo ya maji, na anauza pweza. Anataka friji linalogandisha sawasawa ili aache kumuuza pweza kwa bei ya hasara saa 2 usiku, barafu ikianza kuyeyuka.

Mmeona tofauti? Ndoto ya Vero inahitaji muda na utulivu. Ya Somoe inahitaji kelele na watu wengi nyumbani. Ya Tatu inahitaji umeme, na inanuka. Wakiishi nyumba moja, kila anayesogea anamkanyaga mwenzake bila kukusudia. Sihitaji kumleta adui. Ninachohitaji ni chumba kidogo.

Andikeni pia madeni. Kila mmoja awe anamdai mwenzake kitu kimoja cha pesa na kimoja kisicho cha pesa. Kwetu, yasiyo ya pesa ni haya: Vero alimwandikia Somoe barua ya mkopo, Somoe alimsuka Vero bure siku ya usaili, Tatu alikaa na Vero hospitali ya Ligula usiku mzima. Madeni ya aina ya pili hayalipiki, na ndiyo yanayotoka mdomoni siku ya ugomvi.

Hatua ya 3: Msimu wa tamthilia uende na msimu wa korosho

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili, nasi tulitumie. Huku kusini pesa haiji mwezi kwa mwezi. Inakuja kwa msimu, na inapokuja inabadilisha sura ya kila mtu, hata asiye na mkorosho hata mmoja. Mkiipanga tamthilia yenu juu ya kalenda hiyo, hadithi ya mwaka inajipanga yenyewe.

Kuanzia Juni watu wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, mashambani, na kazi hiyo inataka pesa wakati ambao pesa haipo. Hapo ndipo mabinti wenu wanapokopwa na ndugu. Kaka anapiga simu kutoka Tandahimba: "Dada, nisaidie hela ya kupulizia tu, minada ikianza nakurudishia." Septemba na Oktoba korosho zinadondoka na kuokotwa, harufu ya mabibo inatanda, na mwenye njaa ya haraka anauza kangomba, yaani kwa kificho, nje ya ghala na kwa bei ya kuumia. Minada kwa kawaida inafunguka Oktoba chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao kwenye korosho ulianza 2007. Mkulima anapeleka chama cha msingi cha ushirika, mzigo unakusanywa na vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, na malipo yanaingia benki. Kuanzia hapo hadi Januari mji unachemka. Saluni zinajaa, makochi mapya yanapita juu ya guta, kicheni pati zinafuatana, na wanaume waliokuwa kimya tangu Aprili wanakumbuka namba za simu.

Halafu inafika Machi. Mvua bado inanyesha, pesa imekwisha, na wale waliokuja kusuka rasta za bei sasa wanataka twende kilioni ya bei rahisi. Hapo ndipo urafiki unapimwa, kwa sababu kila mmoja anakumbuka alimkopesha nani wakati wa neema.

Kwa hiyo, mkiwa na sehemu kumi, sehemu ya 1 hadi ya 3 ziwe za ukata wa kabla ya minada, ya 4 hadi ya 7 za neema, na tatu za mwisho za kurudi chini. Somoe anapanda na kushuka pamoja na mji. Vero anafanya kazi usiku na mchana pesa ya watu inapopita, huku yake haiongezeki. Tatu, anayetegemea bahari, ana kalenda nyingine kabisa, ya pepo za kusi na kaskazi, kwa hiyo kuna siku ana hela wakati mji mzima hauna. Mtu mmoja mwenye saa yake tofauti anasaidia sana.

Walioko Lindi watumie kalenda hiyohiyo, na wakiongeza ufuta watapata wimbi la pesa katikati ya mwaka. Sisi hatukulitumia, na nikiangalia nyuma naona tuliacha kitu kizuri.

Hatua ya 4: Nyumba

Tafuteni nyumba moja yenye sebule, chumba, ua wenye bomba au kisima, na mlango wa mbele unaoonekana kutoka kwenye kochi. Mlango ni muhimu kuliko kochi, kwa kuwa komedi inaingia na kutoka kwa mlango. Ongezeni mahali pawili pa nje, basi: mwembe wa Somoe, na pale watu wanaposubiri pantoni ya Msangamkuu. Kila mahali panapoongezeka panakula nusu siku ya kurekodi.

Hatua ya 5: Andikeni sehemu moja kamili

Pimeni kwa ukurasa: ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hutoa takribani dakika moja. Nusu saa ya televisheni yenye matangazo hubakiza dakika 22 hivi za hadithi. Kwa kuanzia andikeni kurasa nane hadi kumi. Mkishika dakika nane, ishirini na mbili zitakuja.

Sehemu yetu ya kwanza tuliiita "Kibubu". Jumatatu asubuhi mama mwenye nyumba anapiga hodi. Kodi ni 60,000 kwa mwezi, analipwa miezi sita kwa mkupuo, yaani 360,000, na amepata mpangaji mwingine aliye tayari. Anataka pesa yake Ijumaa jioni. Mabinti wote watatu wanajibu kwa furaha iliyopitiliza: ipo mama, ipo kwenye kibubu, tutakifungua mbele yako. Kibubu ni cha mbao, kimegongomewa misumari, na kimekaa juu ya kabati miezi mitano.

Kisha siri zinafunguka moja moja. Tunamwona Somoe akilipapasa draya lililofichwa chini ya kitanda, nasi tunaelewa: 150,000 zilitolewa kibubuni kwa spoku ya baiskeli. Mtazamaji anasema moyoni, basi pesa imepungua. Sini inayofuata Vero anakunja risiti ya ada ya mtihani, 120,000. Sasa mtazamaji anaanza kupiga hesabu. Tatu anapokuja usiku na spoku yake, kutafuta 90,000 za kumlipa fundi wa friji, sisi tunajua anachota zilizobaki, yeye hajui. Na kila mmoja anapotoa, anadumbukiza kikaratasi cha kuomba radhi, ndiyo maana kibubu kikitikiswa bado kinachakacha kama kimejaa.

Ijumaa, mama mwenye nyumba yuko njiani, nyundo iko mezani:

VERO: Mnaonaje tusikifungue leo?
TATU: Leo ndiyo siku ya kodi, Vero.
VERO: Najua. Ila yule fundi aliyekigongomea alisema kisifunguliwe siku ya Ijumaa.
SOMOE: (haraka) Hata mimi nilimsikia.
TATU: (anawatazama wote wawili, kimya) Eeh. Alisema.

Misumari aliipiga Tatu mwenyewe. Hakukuwa na fundi. Someni kwa sauti mtasikia kicheko kinakaa wapi: kwenye "Alisema" ya Tatu. Anajua wenzake wanadanganya, lakini akiwaumbua naye ataumbuka. Watu watatu wanakubaliana juu ya uongo mmoja, na kila mmoja anadhani ameokolewa na ujinga wa mwenzake.

Kinapopasuliwa, vinadondoka vikaratasi vitatu. Vero anavisoma. Kimoja kinasema, "Shosti zangu, nitarudisha kabla hamjajua." Vingine viwili vinasema karibu maneno hayohayo. Acheni kimya hapo. Tuliacha sekunde tano, na ndiyo sekunde tano ninazozipenda kuliko zote tulizorekodi.

Utatuzi utoke ndani ya ndoto zilezile zilizoleta tatizo. Mama mwenye nyumba ana harusi ya binti yake Jumapili. Akiliona draya anakumbuka ana vichwa kumi na viwili vya kusukwa na kukaushwa, na anakubali kazi hiyo iwe kodi ya miezi miwili, mingine ilipwe baadaye. Friji la Tatu linapokea samaki wa shughuli. Ndoto ya Vero peke yake haina faida yoyote Ijumaa hiyo, maana risiti ya mtihani haisuki wala haigandishi, na lazima hadithi ikubali jambo hilo bila kulifunika. Usiku anaandika madeni nyuma ya mlango kwa chaki: kibubu kinamdai Somoe 150,000, kinamdai Tatu 90,000. Anasita. Kisha anaandika mstari wa tatu, kinamdai Vero 120,000.

Chaki hiyo iliishi msimu mzima. Kila mlango ukifungwa, mtazamaji anaona namba zimebadilika, na anajua nani amelipa kabla hatujasema neno.

Hatua ya 6: Kicheko kisimkanyage mtu

Nina msimamo hapa na siufichi. Kwa muda mrefu mwanamke kwenye vichekesho vyetu amepewa kuwa mama mkwe mkali, mke anayefokewa au dada wa kazi anayeanguka na sinia. Msiwarudishe mabinti wenu huko. Wacheke kwa sababu wamekwama kwa akili zao wenyewe na wanajaribu kujinasua.

Lafudhi ya Kimakonde au Kimakua isiwe ndiyo kichekesho. Mtu azungumze anavyozungumza nyumbani kwao, na kichekesho kiwe kwenye alichokisema. Utani wa makabila ni hazina, lakini una taratibu zake: mtani anamtania mtani wake uso kwa uso na anatarajia kurudishiwa. Mkiuandika, hakikisheni anayetaniwa anapata jibu lake kwenye sini hiyohiyo.

Kuhusu unyago, nawasihi. Kusini mambo haya yapo hai, na msichana wa Mtwara ana somo wake, yaani mama aliyemfunda, anayemheshimu. Mwonyesheni somo kama mtu: anapiga simu, anauliza habari za mchumba, anakuja mjini ghafla na mfuko wa ming'oko. Mafundisho ya ndani yaacheni ndani. Kabla ya kuandika sini yoyote yenye somo, mtafuteni mama mmoja mtu mzima, mpeni shikamoo, mumsomee, na akisema hapana, futeni. Sisi tulifuta kurasa mbili kwa neno la bibi mmoja wa Mikindani, na alituambia jambo bora zaidi la kuweka mahali pake.

Mbinu moja ya kazi: kitu kirudi mara tatu, na mara ya tatu kiwe kimegeuka. Spoku ya baiskeli mara mbili inaiba. Mara ya tatu Somoe anaitumia kugawa nywele za bibi harusi.

Hatua ya 7: Someni kwa pamoja

Waigizaji wote wakae kwenye mkeka, wasome mwanzo hadi mwisho, na mtu mmoja asiyesoma aweke alama kila watu wanapocheka. Kurasa mbili zikipita bila alama, ziandikeni upya kesho yake. Neno lolote ambalo mwigizaji analikwaa mara mbili, mbadilishieni. Mdomo wake unajua kuliko kalamu yako.

Hatua ya 8: Vibali na maandishi

Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, mkamweleze mnachofanya. Utengenezaji wa filamu na tamthilia nchini unasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Kuna kibali cha kurekodi, na kuna ukaguzi na kupangiwa daraja kabla ya kuonyesha kwa umma. Kazi yenyewe isajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkiwa na skripti iliyochapwa. Mkifungua chaneli ya mtandaoni, waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema masharti ya maudhui yanawahusu vipi. Chukueni pia barua ya serikali ya mtaa, maana majirani wakiona watu na kamera wataenda kuuliza huko kwanza. Bandarini na kwenye maeneo ya vyombo vya ulinzi msielekeze kamera bila ruhusa ya wenyewe, hata kama mandhari inavutia.

Muziki: msiweke wimbo wa mtu bila ruhusa ya maandishi. Mtafuteni mpiga gitaa wa mtaani, mlipeni, asaini.

Na makubaliano ya waigizaji yaandikwe hata kama ni marafiki zenu wa chanda na pete. Sisi tulirekodi sehemu nne na msichana mmoja mwenye kipaji kikubwa, kisha akachumbiwa, na upande wa mchumba ukataka sura yake iondolewe kote. Hatukuwa na karatasi. Tulirekodi sehemu zote nne upya. Simlaumu yeye. Lakini tangu siku hiyo kila mtu anasaini ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi: atalipwa nini, kazi itaonyeshwa wapi, na kama atatoka katikati itakuwaje. Wazazi nao wasomewe, hasa kwa binti anayekaa nyumbani.

Hatua ya 9: Siku ya kurekodi

Mwanga wetu ni mzuri mapema na jioni. Kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 3 rekodini nje, kisha ingieni ndani, mtoke tena saa 10 na nusu. Jua linazama kati ya saa 12 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, na likishuka linashuka kweli, msitegemee nusu saa ya ziada. Saa 7 mchana uso wa mtu chini ya mwembe unakuwa na madoa ya mwanga kama chui.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. Mtazamaji anavumilia picha yenye kiza, lakini asiposikia mzaha amekwenda. Tumieni maiki ndogo za kubana kwenye nguo, mkizificha chini ya ukingo wa dera na kipande cha sponji. Kusi inapovuma, kati ya Mei na Agosti, ufukwe wa Shangani una upepo unaomeza maneno, kwa hiyo sini za maneno mengi ziandikieni mahali penye ukuta. Bajaji ikipita, rudieni. Adhana ikianza, simameni wote, zimeni, pumzikeni. Ni heshima, na pia hakuna sauti itakayounganika. Mvua yetu ni ya msimu mmoja mrefu, Desemba hadi Aprili hivi, na mvua juu ya bati hainyamazishwi na maiki yoyote. Sini zote za ndani zimalizeni kabla ya Desemba.

Kisha nywele. Komedi ya wasichana ina tatizo ambalo la wanaume halina. Tumerekodi Jumamosi Vero ana yeboyebo, Jumamosi inayofuata mwigizaji amefumua, na kwenye hadithi ni sini ileile, dakika ileile. Pigeni picha ya kila mwigizaji mbele, nyuma na pembeni mwisho wa kila siku, na za nguo, kucha, hereni, hata kiwango cha chai kwenye kikombe. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila hiyo. Na mpeni mwigizaji hela ya kusukwa upya mtindo uleule, kwa sababu kichwa ni chake na hawezi kukaa na nywele za mwezi mzima kwa ajili yenu.

Rekodini kila sini mara tatu kwa namna tatu: wote wawili wakionekana, kisha uso wa mmoja, kisha wa mwingine. Uso wa anayesikiliza ndio wenye kicheko mara nyingi. "Alisema" ya Tatu isingefanya kazi kama tusingekuwa na sura ya Somoe akimeza mate.

Hatua ya 10: Kuhariri

Programu ya kuhariri ya simu inatosha kwa mwanzo. Kateni mwanzo wa kila sini: watu wakiingia, wakisalimiana salamu zote tano, wakikaa. Salamu ni tunu yetu na siwaambii mzifute, ila acheni moja ndefu kwa kila sehemu, pale inapokuwa na kazi, kama vile mtu anarefusha "habari za nyumbani" ili asifike kwenye habari ya deni. Msiweke sauti ya vicheko vya kubandika. Wekeni maandishi chini ya picha, maana wengi wanatazama kwenye daladala bila sauti.

Hatua ya 11: Pelekeni saluni

Kabla ya kurusha chochote, kabla hata ya kumwonyesha mtu wa kituo cha televisheni, chukueni simu mwende saluni siku ya Ijumaa jioni, wakati foleni ni ndefu. Ombeni ruhusa, isimamisheni simu mbele ya kioo, mcheze sehemu yote. Ninyi kaeni nyuma mkitazama nyuso za kina mama na dada. Msieleze kitu. Mmoja aandike dakika ambayo mtu wa kwanza anaangalia pembeni au anashika simu yake.

Kwetu ilikuwa dakika ya 4 na sekunde 10. Vero alikuwa anaueleza mtihani wake kwa maneno mengi. Tulikata sekunde 22, tukarudi wiki iliyofuata, saluni ileile, wateja wengine. Ilipofika "Alisema", msusi alisimama na chanuo hewani, na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, akamwambia asisuke kwanza.